Kielelezo cha Baraza

Kazi yangu mwaka ule, nikiwa msaidizi wa utafiti, ilikuwa kufuata mbuzi nyuma. Akidondosha mavi, naokota. Sharti yawe mabichi, maana jua la Dodoma halicheleweshi kuharibu DNA. Navaa glavu, napasua gololi, nachukua ya ndani ambayo haijagusa udongo, natumbukiza kwenye kichupa chenye silika ya kukaushia. Watoto walikuwa wananisindikiza wakinionyesha yaliyonipita. "Anko, yale pale!"

Kijiji kilikuwa upande wa Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu. Mzee mwenye mbuzi alinivumilia siku kadhaa, mwishowe akashindwa.

"Mwanangu, haya unayapeleka wapi?"

Nikamweleza. Jani lina kloroplasti, yaani vile vichembe vya kijani, na kloroplasti ina DNA yake. Tumbo la mbuzi linasaga jani, lakini vipande vifupi vya DNA vinapenya mpaka nje. Maabara wanavisoma, wanalinganisha na kumbukumbu za mimea iliyokwisha kutambuliwa, unaambiwa huyu kala mgunga, yule kala mkole. Zamani ulikuwa unainamia hadubini kutwa ukitafuta vipande vya ngozi ya jani. Nikampa na habari za Laikipia, Kenya, ambako utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba hata aina mbili za pundamilia wanaokula malisho mamoja, milo yao inatofautiana.

"Na mzabibu utaonekana?"

Aliyeuliza hakuwa mzee. Alikuwa jirani yake, ng'ambo ya uzio.

"Utaonekana, baba."

Jioni mgambo akanifuata. Chini ya mbuyu nikamkuta mtendaji, wazee wa baraza, na jirani kakumbatia kiroba cha mavi aliyoyazoa shambani kwake.

"Mbuzi wa huyu wamenimalizia mizabibu. Kijana apime, tumalize."

Bibi mmoja akanyoosha mkono. "DNA si ndiyo ile ya kujua baba wa mtoto?"

"Kipimo cha jamii hiyohiyo, bibi."

Vijana wawili walioegemea pikipiki wakawasha, wakaondoka bila kuaga.

Nikajitetea: kipimo kinasema mzabibu, hakisemi mzabibu wa nani. Tena mavi yaliyolala chini ya mizabibu yamekwisha kuchanganyika na majani yaliyopukutika, hayafai. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu mzee alikuwa amechungulia kiroba.

"Hii si samadi niliyokuuzia juzi?"

Watu wakacheka mpaka mtendaji akagonga meza. Jirani hakutikisika hata kidogo.

"Umekiri mwenyewe! Kama ni samadi yako, basi ni ya mbuzi wako!"

Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nina shahada, na kwa dakika nzima sikuona pa kulivunjia hilo.

Hukumu: mzee na jirani wazizibe pamoja kwa miiba tundu zote za uzio. Vichupa vyangu, kwa kuwa ni kielelezo, vifungiwe kabatini kwa mtendaji. Nikaomba, nikabembeleza. Asubuhi vikaachiwa, baada ya kulinunulia baraza soda kreti nzima.

Niliporudi mjini nikaandika madai yangu: "Soda za wazee, kukomboa mavi." Mhasibu akasoma mara mbili, akavua miwani. Nikajua sasa ataniuliza habari za mavi.

"Risiti ya EFD iko wapi?"