Kitabu cha Kijani kwenye Kibanda cha Mitumba

Kwenye kibanda cha vitabu vya mitumba karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma, nimenunua Kitabu cha Kijani cha Muammar Gaddafi, tafsiri ya Kiingereza. Jalada limepauka. Aliyekimiliki kabla yangu amepiga mstari wa penseli chini ya hoja kwamba uwakilishi ni ulaghai, yaani bunge humnyang'anya mwananchi sauti yake.

Rafiki yangu, mwalimu wa historia, alipokiona alikasirika. "Wanajeshi wake walikuja kumsaidia Amin kupigana na sisi. Maneno yake unayatafutia nini?"

Ana haki ya kukasirika. Vitabu vya namna hii vilipata wasomaji kwa amri. Turkmenistan, chini ya Rais Niyazov, hukupata leseni ya udereva bila kufaulu mtihani wa Ruhnama, kitabu chake. Ujerumani ya Hitler, maharusi walipewa Mein Kampf, kitabu cha Hitler, siku ya ndoa.

Lakini kukificha sikubali. Dodoma tuna msikiti mkubwa wenye jina la Gaddafi, uliojengwa kwa fedha za Libya, na kijana wa leo anamjua kwa msikiti huo na kwa sifa anazozikuta mtandaoni. Halafu ile hoja ya bunge inashika. Nani kati yetu hajawahi kulalamika kwamba mbunge haonekani jimboni mpaka uchaguzi ukaribie? Hapo ndipo ninapoogopa: mwandishi ameanza na lalamiko la kweli, msomaji ameitikia kwa kichwa, kisha anapelekwa taratibu hadi mahali ambapo vyama vyote ni udikteta. Sehemu ya kwanza ya kitabu ilitoka mwaka 1975. Miaka mitatu nyuma, 1972, sheria ya Libya ilikwisha kuweka adhabu ya kifo kwa anayeunda chama. Na mwaka 1996, katika gereza la Abu Salim, Tripoli, waliuawa wafungwa wanaokadiriwa kufikia 1,200. Hao hawakuwa na kamati ya wananchi, zile ambazo kitabu kinaahidi zitampa kila mtu sauti, ya kuwasemea.

Wajerumani walilitatua tatizo la vitabu hivi vizuri zaidi. Mwaka 2016 wanahistoria wa Munich walichapa upya Mein Kampf wakiwa wameizungushia maelezo zaidi ya 3,500, kila uongo ukijibiwa kwenye ukurasa uleule.

Nami nimechomeka karatasi yenye miaka hiyo miwili, 1972 na 1996, pale penye mstari wa penseli. Mwalimu bado hataki kukigusa.