Anayeanza Kufuga Kuku Aulizie Chanjo Kabla ya Banda

Kila mwaka Watanzania wengi, kuanzia wastaafu waliopokea mafao yao hadi vijana waliomaliza vyuo, huamua kuanza kufuga kuku, na karibu wote huanza kwa hesabu ya kwenye karatasi. Hesabu yenyewe ni rahisi: mitetea 10 wakitaga mayai 12 kila mmoja na kuatamia mara 3 kwa mwaka, mwaka utaisha kukiwa na vifaranga 360, na nusu yao wakiwa majike, mwaka unaofuata kuku watahesabiwa kwa maelfu. Kuzidisha huko hakuna kosa. Kilichoachwa nje ni vifo, na katika ufugaji wa kuku wa kienyeji vifo huamua ukubwa wa kundi kuliko mayai. Kwa sababu hiyo nina maoni ambayo najua hayatawapendeza wauza vifaranga: mtu ambaye hajawahi kufuga aijue chanjo na ajue atakapoipata kabla hajanunua kuku hata mmoja, aanze na kuku wachache, na awashirikishe majirani zake tangu mwanzo.

Muuaji mkuu ni mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri na ambao kitaalamu hubeba jina la Newcastle, mji wa Uingereza ulikotambuliwa katika miaka ya 1920. Husababishwa na virusi, na husambazwa kwa hewa, kinyesi, maji, vyombo, viatu vya wageni na kuku wanaotoka minadani. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kuwamaliza karibu kuku wote kwa siku chache. Dalili zake wafugaji wa vijijini wanazifahamu vizuri: kuku husinzia, huhara kinyesi cha kijani, hupumua kwa taabu, mabawa hulegea, na baadhi hupinda shingo au kupooza miguu. Hauna tiba. Huniumiza sana kumwona mfugaji mgeni akikimbilia dukani kununua antibayotiki na kuichanganya kwenye maji siku baada ya siku, ilhali dawa hiyo haina nguvu yoyote juu ya virusi. Fedha hupotea, kuku hufa, na mayai ya wale waliosalia huliwa yakiwa na mabaki ya dawa.

Wakati huo huo kinga ipo, na bei yake kwa kuku mmoja ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kuku huyo. Watafiti wa Australia walitengeneza chanjo ya I-2 wakiwa na nia ya kuwafikia wafugaji wa vijiji visivyo na umeme, kwa kuwa chanjo nyingine huharibika haraka zikikosa jokofu, lakini hii hustahimili joto zaidi, ingawa nayo haipaswi kuachwa juani. Hapa nchini huzalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) kwa jina la TEMEVAC. Hutolewa kwa tone moja katika jicho moja, kipimo kilekile kwa kifaranga na kwa jogoo mkubwa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mtu yeyote mwenye mkono uliotulia anaweza kufundishwa kuitoa kwa asubuhi moja, na akina mama wengi wanaifanya kazi hiyo vizuri sana. La kuzingatia ni kwamba chanjo hupewa kuku mzima wa afya, na kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Anayesubiri kusikia kwamba kuku wa mtaa wa pili wameanza kufa amechelewa.

Hapa ndipo majirani wanapoingia. Chupa moja ya chanjo kwa kawaida hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi kwa ajili ya mwezi ujao. Mwenye kuku 10 anayenunua chupa peke yake analipia dozi 90 ambazo atazimwaga, na wengi wakiliona hilo huamua kuacha kabisa. Nyumba saba au nane zikichanga, gharama huwa kitu kidogo, na faida haiishii kwenye fedha: kuku wa kienyeji hushinda wakichakura pamoja, hunywa dimbwi moja na kulala kila mmoja kwao, kwa hiyo nyumba moja isiyochanja hubakiza mlango wa ugonjwa kwa mtaa mzima. Ningependa kuona kila afisa mifugo wa kata akitangaza siku ya chanjo ya kuku mara tatu kwa mwaka, tarehe zikijulikana mapema na matangazo yakitolewa msikitini, kanisani na kwenye mikutano ya kijiji, kama inavyofanyika kwa chanjo za watoto. Mahali ambapo afisa huyo hayupo au hafiki, mfugaji mpya mwenyewe anaweza kuwa mtu wa kuwaita wenzake. Sioni njia bora zaidi ya mgeni wa ufugaji kujitambulisha kwa majirani wenye uzoefu, ambao nao watamfundisha mengi kuhusu kuku asiyoyajua.

Wazee wetu walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na desturi hiyo ya kumfunga kuku aliyetoka kwingine hadi azoee nyumba mpya bado ina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Kuku aliyenunuliwa leo anaweza kuwa amebeba ugonjwa usioonekana bado. Atengwe mbali na wenzake kwa wiki mbili au tatu, alishwe na kunyweshwa kwa vyombo vyake, ahudumiwe mwisho baada ya wengine, achanjwe akiwa huko, ndipo aachiwe. Jogoo naye atoke nyumba nyingine, mmoja kwa mitetea 10, ili kuku wasizaliane ndugu kwa ndugu.

Kuhusu aina ya kuku, anayeanza hushauriwa mara nyingi kununua chotara, kama vile Kroila na Sasso, au kuku wa mayai wa kisasa. Sina ubishi na kuku hao, kwani hukua haraka na hutaga mayai mengi kuliko wa kienyeji. Lakini chotara haatamii kwa kutegemewa, na vizazi vyake havifanani na wazazi, kwa hiyo mfugaji atalazimika kununua vifaranga upya au kuwa na mashine ya kutotolea. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na kufikia hapo ameshakula takriban kilo 7 za chakula; kuku 100 watakuwa wamemaliza mifuko 14 ya kilo 50 kabla mfugaji hajaokota trei ya kwanza. Wakishaanza kutaga, kila mmoja hula karibu gramu 120 kwa siku, ambazo kwa kuku 100 ni kilo 12, yaani mfuko mmoja kila siku nne. Bei ya mahindi au mashudu ya alizeti ikipanda, mfugaji hana namna ya kuwaambia kuku wasubiri. Kuku wa kienyeji hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chake, huatamia siku 21 bila umeme, na hulea. Kwa mtu anayejifunza, huo ni muda wa kujifunza kwa gharama anayoimudu.

Banda lake linaweza kuwa la miti na udongo, mradi lipitishe hewa, lisivuje, na lifungwe usiku dhidi ya kicheche na paka. Jambo linalodai uangalifu zaidi ni vifaranga, kwa kuwa wengi hufa katika wiki nane za kwanza kwa baridi, mwewe, njaa na kuhara damu. Waliotenganishwa na mama wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, likipungua kadiri manyoya yanavyoota, na wenyewe husema hali yao kwa tabia: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakiikimbia na kuhema wana joto kali, wakisambaa na kula wako sawa. Anayetumia jiko la mkaa aache nafasi ya hewa, maana moshi wake huua hata usipoonekana. Maranda yakilowa yaondolewe siku hiyo hiyo, kwa sababu unyevu ndio unaokuza vimelea vya kuhara damu.

Nina jambo moja zaidi, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu limezoeleka. Taarifa za mdondo zikisikika, watu hukusanya kuku wao haraka, wakiwemo walioanza kusinzia, na kuwapeleka mnadani kabla hawajafa. Kila kuku wa namna hiyo hupeleka ugonjwa kijiji kingine, kwa mjane aliyekuwa akitegemea mayai matano kununulia watoto daftari. Kuku wagonjwa wasiuzwe wala kugawiwa. Waliokufa wazikwe kwenye shimo refu au wachomwe, vyombo vioshwe kwa dawa, na afisa mifugo apewe taarifa. Banda likae tupu kwa wiki kadhaa kabla ya kuingiza kuku wengine.

Anayetaka kuanza mwezi huu aende kwanza kwenye duka la dawa za mifugo lililo karibu naye, aulize kama chanjo ya mdondo inapatikana, inahifadhiwaje na chupa ina dozi ngapi, kisha apite nyumba za jirani zenye kuku na kupanga nao tarehe ya kuchanja. Bei ya mitetea ataiuliza baada ya hapo.