Hii Waifai Yetu

Jana saa tatu usiku, mtu mzima mwenye mke na watoto alinibishia mlango kulalamika kwamba waifai yangu inakwama. Inakwama kwake. Waifai yangu mimi, inakwama sebuleni kwake.

Naishi Section 58, Nakuru, jiji kamili tangu Desemba 2021, na huyu ni Baba Neema wa mlango wa pili. Alikuja na fulana ya ndani, malapa na rimoti mkononi, ishara kwamba kuna mechi imeganda mahali.

"Jirani, samahani kwa usumbufu. Hii waifai yetu leo iko na shida gani?"

Yetu. Mimi nilifundishwa vimilikishi na mwalimu wa kiboko, kwa hiyo najua ninachosikia. Tarehe tano, ujumbe wa malipo ukiingia, waifai ni yako, Baba Tito. Shilingi elfu tatu zikishatoka, inakuwa yetu, nafsi ya kwanza wingi.

Nilikuwa nikitafuta jibu linalolingana na umri wangu, lakini mke wangu, aliyelelewa vizuri kupita kiasi, alikuwa ameshamkaribisha na kumwekea chai. Ya maziwa. Kikombe kile cha wageni wa posa.

Nikamwambia Tito afungue ukurasa wa ruta tuone nani yuko ndani. Kumbe ni rahisi hivyo: unaandika 192.168.1.1, jina admin, paswadi admin, vile fundi aliiacha siku ya kuifunga. Mlango wa mbele nimeutia kufuli mbili, na wa uani hauna hata komeo. Vifaa kumi na saba! Sisi tuko na simu tatu na televisheni ambayo ilikuwa imezimwa. Kulikuwa na "Saluni", kulikuwa na "TV ya Keateka", na kimoja kinajiita "Usiniguse".

"Nani aliwapa paswadi?"

"Baba, mimi sikuwaambia. Waliskani tu."

Yaani simu inaonyesha ule mraba wa vidoadoa, mwenzako anaelekeza kamera, na yuko ndani bila neno kutamkwa. Mtoto wa gredi ya saba, tayari ni wakili. Wala si yeye peke yake. Kina mama wa jumuiya walikuja kusali mwezi jana, "Bwana asifiwe", "Amina", "paswadi ni gani?" Shemeji yangu aliiandika nyuma ya kalenda Krismasi, kwa kalamu ya wino mzito.

Baba Neema akapuliza chai yake.

"Lakini jirani, niseme ukweli? Usalama wenu uko chini sana."

"Wetu?"

"Wenu. Hata ile paswadi ya admin hamjabadilisha. Mtu mbaya anaweza kuingia."

Nikamwuliza mtu mbaya kama nani. Akasema, "Watu tu," akachovya mkate.

Hapo mhadhara ukaanza. Kwamba WPS nizime, ile ya kuingia kwa kubonyeza kitufe ama kuweka nambari ya tarakimu nane, ni rahisi kuvunja. Kwamba kuna watu hadi leo wako kwenye WEP, ile kufuli ya zamani ya waifai, na ilivunjwa tangu 2001. Alitaja mwaka huo vile wazee hutaja mwaka wa njaa. Kwamba WPA3, kufuli mpya, ilitoka 2018, lakini simu za humu ndani, na hapo akaitazama yangu kwa huruma, nyingine hazitaikubali, basi tuweke WPA2, ya kabla yake. Kwamba wageni watengewe mtandao wao kando.

"Na ruta mmeificha nyuma ya televisheni! Iweke hapo dirishani. Mimi natumia yale mawimbi ya 2.4. Yale ya 5 yana mbio lakini ukuta yanaushindwa."

Dirisha alilonyooshea kidole ndilo linalotazama chumba chake cha kulala.

Jamani. Taka nilipe mimi, mlinzi wa usiku nilipe mimi, balbu ya ngazi nibadilishe mimi, tanki likikauka ni mimi nampigia mwenye ploti kama mtu anayedai mahari, halafu nikalishwe kwangu niambiwe mawimbi yangu hayafiki kitandani kwa mtu? Nikasema basi, tunaifuta yote, inaanza upya kama siku ya kwanza. Nilidhani atashtuka. Akavuta kiti.

Kile kitundu cha kurisetia kilitengenezwa na mtu asiyependa binadamu. Kijiti cha kiberiti hakiingii. Kijiti cha meno kiliingia nusu kikavunjika, tukakitoa kwa kibanio cha nyusi. Sindano mke wangu alikataa, ana yake anayoshonea sare. Ile pini ya laini ya simu hakuna mtu aliyewahi kuiona mara mbili. Ndipo Baba Neema akaniangalia usoni.

"Jirani, hiyo waya ya miwani je?"

Miwani yangu Tito aliikalia Pasaka. Mkono wa kulia umeshikwa na waya ya shaba. Nikaichomoa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuwa na hasira. Tukabonyeza tukihesabu pamoja, nyumba nzima, moja hadi kumi, kama watu wanaosubiri mwaka mpya. Taa zikazima. Zikarudi.

"Sasa paswadi ndefu," akasema. "Si tarehe ya kuzaliwa. Weka sentensi."

Nikafikiri kidogo, nikasema: mgenisikumbiliyatatumpejembe, bila nafasi.

"Nzuri," akasema Baba Neema. "Haisahauliki."

Nilikuwa nimeitamka kwa sauti. Yeye tayari alikuwa anaiandika kwenye simu yake.

Lakini Mungu si Athumani, hakuna aliyeingia mahali. Mtandao upo, intaneti hakuna. Kumbe ukiifuta ruta unafuta pia jina na paswadi ambayo yenyewe hujitambulishia kwa kampuni, na hizo hukupewa wewe, wanazo wao. Baba Neema akasema, "Aa, hiyo nilisahau," akamaliza chai, akaenda.

Leo alfajiri nikapiga simu kwa kampuni. Muziki. Ule wa filimbi, dakika arobaini, na kila baada ya muda mtu ananiambia simu yangu ni ya maana sana. Mwishowe dada mmoja mpole akasema, "Mzee, nisomee nambari iliyo chini ya ruta." Kibandiko nikakiona, nambari sikuiona. Miwani ilikuwa na mkono mmoja. Tito shuleni, mke sokoni. Kumwita Baba Neema nilikataa, mtu lazima abaki na kitu. Nikasoma nane, kumbe ni B. Nikasoma B, kumbe ni nane. Laini ikakatika.

Nikateremka mjini kwa daktari wa macho, nikitaka skrubu moja tu ya bawaba. Akaniambia skrubu haiuzwi peke yake, fremu mpya ni elfu nne na mia tano, nirudi Alhamisi. Nikatoka na heshima yangu, miwani nimeishika kwa mkono kama bibi wa picha za zamani, nikapanda matatu iliyoandikwa Section 58.

Haikuwa imeandikwa Section 58. Makanga alikuwa anaita Njoro na nilimsikia vizuri sana, ila nikaamua kuamini macho. Kwa hiyo niko Njoro. Naandika haya kwa bando la shilingi ishirini. Baba Neema amenitumia ujumbe: "Jirani, uko wapi? Bado haijarudi." Sijamjibu. Kuna mama hapa stejini anachoma mahindi, anapaka ndimu na pilipili ya kusaga, na ameniambia gari la kurudi halijazi upesi saa hizi. Nimechukua hindi la pili.