Ndege ya misheni, na mwalimu tusiyemhesabu

Hoja hii nimeisikia mara nyingi hapa Lubumbashi, baada ya ibada na hata kwenye kilio: familia moja ya wamisionari, baba rubani, mama mwalimu, inatumia pesa ambayo ingelipa walimu wangapi wa NU? Tangu serikali itangaze elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, hakuna asiyemjua mwalimu wa NU, yule ambaye jina lake bado halijaingia kwenye orodha ya mishahara. Anafundisha darasa lililojaa, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu. Swali linauma, na wanaouliza ni watu wa nia njema.

Wanasema pia kwamba Katanga, inayotoa kobalti nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya dunia, haifai kungojea ndege ya sadaka. Hapo sina la kubisha. Barabara ni kazi ya serikali.

Lakini hesabu yao inaanza na kosa. Pesa ya familia ya rubani haiko katika mfuko ambao mtu anaweza kuugeuzia upande wa walimu. Katika mashirika ya ndege za misheni kama MAF, lililoanzishwa mwaka 1945 na marubani waliotoka vitani, familia huzunguka kwenye makanisa ya kwao kutafuta watu wa kuitegemeza. Siku familia ikifunga mizigo, michango hiyo haibaki Lubumbashi.

Tena ndege inashindana na barabara, si na mshahara wa mwalimu. Chukua mji wa Malemba-Nkulu. Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ni kama kilomita 400 angani. Ndege ndogo, Cessna Caravan, inatua baada ya saa moja na nusu hivi. Kwa chini, unapanda treni hadi Bukama, halafu boti kwenye Lualaba. Au lori na pikipiki, na kuanzia Novemba hadi Aprili matope ndiyo yanayoamua utafika lini. Sasa weka chanjo ya surua kwenye safari hiyo. Inataka nyuzijoto 2 hadi 8. Sanduku kubwa la baridi la safari ndefu linatakiwa kushika baridi angalau saa 96, yaani siku 4, kama halifunguliwi ovyo. Saa hizo zinaanza kukimbia barafu inapopangwa Lubumbashi, lori likiwa bado linatafuta dereva. Treni ikilala njiani, zimebaki siku 3. Boti ikiishiwa mafuta, 2. Na Malemba si mwisho wa safari: mbele yake kuna vijiji ambako muuguzi anakwenda kwa baiskeli, amebeba kisanduku kidogo ambacho kinaweza kuwa cha saa 15 tu. Akifika, anatazama kile kialama cha mraba kwenye chupa, kinachobadilika rangi kwa joto. Kikikolea rangi kama duara linalokizunguka, chupa inatupwa, na akina mama waliotembea tangu alfajiri wanarudi na watoto wao vilevile walivyokuja. Kuanzia mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 Kongo, wengi wao watoto wadogo. Barabara peke yake haikuwaua. Lakini kila ninapoikumbuka hesabu hiyo, ninashindwa kuiita ndege ndogo anasa.

Asubuhi moja Luano niliona rubani mmoja akipima kila kitu kwenye mizani: sanduku, mama aliyetoka hospitali, mtoto wake, gunia la unga. Akaandika, akajumlisha, akalishusha gunia. Mama akamwuliza, “Papa, bunga yangu inabakia?” Akajibu, “Ndiyo, mama. Itakuya siku ya ine.” Kiswahili hicho cha kwetu hakikuja kwa wiki mbili. Na kabla ya Kiswahili kuna Kifaransa. Wamisionari wengi walikwenda kukisoma Albertville, Ufaransa, mji wenye jina lilelile ambalo Wabelgiji waliipa Kalemie. Kisha kuna viwanja vyenyewe. Kipi kinateleza mvua ikinyesha, kipi kina mbuzi, shefu yupi anawaita watu salongo, kazi ya pamoja, ili nyasi zifyekwe kabla ndege haijaja. Mambo haya hayamo kwenye ramani, yanataka miaka.

Ndiyo maana ninamtetea yule mama mwalimu kuliko ninavyomtetea rubani. Kinachoirudisha familia kama hii kwao mara nyingi ni mtoto wa kwanza kufika umri wa sekondari. Zamani watoto wa wamisionari walipelekwa mbali: Sakeji, kaskazini-magharibi ya Zambia, shule iliyofunguliwa 1925, au Kijabe kule Kenya, na wazazi wakawaona wakati wa likizo. Siku hizi wazazi wengi hawakubali tena. Mama akifungua darasa nyumbani, watu wanasema anafundisha watoto wa wazungu tu. Nimeingia katika darasa la namna hiyo: meza ya kulia chakula, ubao mdogo, watoto wanne wakihangaika na hesabu za sehemu. Ni kweli, wote walikuwa wa wamisionari. Lakini bila meza ile baba yao angekuwa ameondoka zamani, na viwanja vyote anavyovijua vingeondoka naye.

Lawama nzito kuliko zote inahusu marubani wenyewe: mbona Wakongomani bado ni wachache? Haiwezi kusemwa kwamba haiwezekani, maana Wings of the Morning, huduma ya ndege ya Kanisa la Metodisti hapa Katanga, imerushwa kwa miaka mingi na Mkongomani. Saa za mafunzo ni ghali, hilo tunalisema. Tusilolisema ni kwamba rubani Mkongomani naye ana watoto. Mpangie kituo ambako mwalimu hajalipwa, naye atatafuta kazi kwenye kampuni ya madini au Kinshasa, na hakuna atakayemlaumu. Mwalimu wa NU anayetajwa ili ndege ionekane ni hasara ndiye huyohuyo ambaye ndege itamhitaji siku rubani atakapokuwa wa kwetu.

Kwa hiyo ninawaomba wakosoaji waache kudai familia iondoke, wadai nafasi kwenye meza. Fundi Mkongomani anayejaza mafuta ndege ile ana binti wa darasa la sita, na anakaa njia ya pili tu kutoka pale. Nilipokuwa mle ndani kulikuwa na kiti cha tano. Kilikuwa kimewekewa madaftari.