Mjusi mwenye mtoto mmoja asiuzwe kama kuku

Mijusi wengi hutaga mayai, wakayafukia, wakaenda zao. Ndiyo maana ukimwambia mtu kuna mjusi anayekaa na mwanawe miezi mingi, na adui akitokea anamkabili kumlinda mtoto, atadhani unamtania. Yupo. Anaitwa Corucia zebrata, ni wa misitu ya Visiwa vya Solomon na Bougainville huko Pasifiki, tena ni jamaa wa mjusi islamu wetu wa uani, yule wa magamba yanayong'aa.

Ila kwa ukubwa hawalingani hata kidogo. Huyu hufikia karibu sentimita 80, zaidi ya nusu ikiwa ni mkia, na katika jamaa zake wote walio hai hakuna anayempita kwa urefu. Mkia huo anautumia kama mguu wa tano: anauzungusha kwenye tawi, ananing'inia, anafikia jani la mbali. Mchana analala kwenye mapango ya miti mikubwa, usiku anatoka kula. Wadudu hawamhusu. Anakula majani, maua na matunda, hata lile jani la kutambaa lenye madoa ya njano ambalo wengi wetu tunalipanda kwenye chupa ya maji sebuleni, na ambalo ukilitafuna litakuwasha mdomo mzima.

Kumeng'enya majani si kazi ndogo. Inafanywa na vijidudu vya tumboni, na mtoto huvipata kwa kula mavi ya wakubwa. Wanaosoma huku wanakula wanisamehe, lakini hoja yangu yote imekaa hapo. Mtoto aliyetengwa na wakubwa mapema amenyimwa ulinzi, na chakula chenyewe anaweza kushindwa kukitumia.

Na mtoto huyo ni mmoja. Mama hatagi, anabeba mimba miezi sita hadi minane, kisha anazaa kitoto cha karibu sentimita 30. Pacha ni nadra. Ukimchukua mama mmoja msituni, pengo lake halizibwi msimu ujao.

Miaka ya 1990 mijusi hawa walisafirishwa kwa wingi kwenda Marekani kuuzwa kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Tangu 1992 wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini walio hatarini, maana yake biashara inaruhusiwa kwa kibali. Kwa maoni yangu kibali hakitoshi kwa mnyama anayezaa hivi. Sisi Tanzania tuliyaona haya katika msitu wa Kimboza, Morogoro, ambako watu walikata miti ya mikadi ili wamkamate mjusi mdogo wa buluu anayeishi humo. Mwaka 2016 ikaamuliwa aingizwe katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho kinafunga biashara ya waliokamatwa porini. Wa Solomon naye anastahili hivyo hivyo.

Najua nitaambiwa ukataji wa miti unamdhuru zaidi. Ni kweli. Magogo ya Solomon, mengi yakienda China, yanaondoka na makazi yake. Lakini mnyama anayepoteza miti ndiye hasa asiyeweza kuvumilia wakamataji juu yake.

Anayemtaka kwa dhati atafute aliyezaliwa kwa mfugaji. Atasubiri, na atalipa zaidi, kwa sababu mfugaji naye anangoja huyo huyo mmoja. Halafu ajiandae: akitunzwa vizuri, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20.