Ukimwazima mtu gari, bima yako inaenda naye?

Wengi wetu tunaamini kwamba gari likishakatiwa bima, yeyote anayeshika usukani kwa ruhusa ya mwenyewe yumo ndani ya bima hiyo. Kuna nchi ambako imani hiyo ina msingi. Marekani, kwa kawaida bima hulifuata gari: rafiki aliyeomba ufunguo akapewa huhesabiwa dereva mwenye ruhusa, na bima ya mwenye gari ndiyo inayotangulia kulipa. Bima ya dereva mwenyewe, kama anayo, huingia pale ile ya kwanza inapofikia kikomo. Uingereza ni tofauti. Huko mikataba mingi hutaja madereva kwa majina, na asiyetajwa hana kinga hata akiwa mke au mume wa mwenye gari. Anayeweza kuponea ni yule ambaye mkataba wake mwenyewe unamruhusu kuendesha magari ya wengine, na ruhusa hiyo kwa kawaida hulipia madhara aliyowasababishia watu wengine tu, si uharibifu wa gari aliloazima. Tena Sheria ya Barabara ya 1988 ya huko haimwachi aliyetoa ufunguo: kumruhusu mtu asiye na bima aendeshe gari lako ni kosa lako pia.

Kampuni za bima zina hoja moja nzito. Ada hukadiriwa kwa kumwangalia dereva: umri wake, miaka aliyokaa na leseni, ajali alizowahi kupata. Kama kinga ingemfuata kila anayepewa ufunguo, bila sharti lolote, gari la kijana lingekatiwa bima kwa jina la mama yake, mama asiliendeshe hata siku moja, na pengo la ada likalipwa na wateja waliosema kweli. Udanganyifu huo upo, na kampuni ikiugundua hukataa dai au huufuta mkataba. Siilaumu.

Lakini hoja hiyo inamhusu anayeendesha kila siku. Haimgusi shemeji aliyeomba gari Jumamosi moja ahamishe vitu, wala rafiki aliyeshika usukani kwa sababu mwenye gari amezidiwa na homa katikati ya safari. Hatari ya saa chache kama hizo ada ya mwaka mzima inaweza kuibeba. Na yupo mtu wa tatu, yule aliyegongwa, ambaye hakumchagua dereva. Kumnyima fidia kwa sababu aliyemgonga hakuwa kwenye orodha ni kumwadhibu asiye na kosa. Ndiyo maana sheria za nchi kadhaa huibana kampuni imlipe majeruhi kwanza, kisha imgeukie mwenye gari na kumdai. Watu husikia kwamba bima imelipa wakatulia, kumbe deni limehamia kwao.

Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua suala la namna hiyo kutoka Uingereza. Mwenye bima alimwachia usukani rafiki asiye na bima, yeye akakaa kama abiria. Wakapata ajali, mwenyewe akaumia. Kampuni ilikubali kwamba abiria huyo anastahili fidia, ila ikataka kumdai kiasi hichohicho kwa kuwa ndiye aliyetoa ruhusa. Yaani fidia yake ingeishia kuwa sifuri. Mahakama ikasema majeruhi hawezi kunyimwa fidia moja kwa moja kwa sababu tu alimruhusu mwingine aendeshe. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Kukosea katika kumwamini mtu hakupaswi kumgharimu mtu matibabu yake.

Msimamo wangu ni huu: anayeazima mara mojamoja, mwenye leseni halali, na anayeendesha akiwa hajalewa, alindwe na bima ya gari. Anayeishi nyumba moja na mwenye gari na kulitumia kila wiki atajwe kwenye mkataba, na ada yake ilipwe. Sheria na mikataba haviko hivyo kila mahali, kwa hiyo kusoma hakukwepeki.

Anza na cheti. Kwenye vyeti vya mtindo wa Kiingereza kuna sehemu fupi inayoeleza nani anaruhusiwa kuendesha. Ukikuta imeandikwa mwenye bima na mtu yeyote anayeendesha kwa amri au ruhusa yake, mradi ana leseni, una nafasi. Ukikuta majina, wengine wote wako nje. Kisha fungua mkataba wenyewe, maana humo ndimo kinga inapopunguzwa: dereva mwenye umri mdogo au leseni changa huweza kukuongezea kiasi unachojilipia kabla kampuni haijaanza kulipa, gari la matumizi binafsi likibeba abiria wa kulipa, kinga inaweza kuanguka, na uliyemwazima akimpa mwingine usukani, ruhusa yako huenda isimfikie huyo wa pili. Kuna hata mikataba isiyolipa wizi ikiwa aliyetoweka na gari ni mtu uliyemkabidhi ufunguo mwenyewe.

Na dai likilipwa lote, bado rekodi ni ya mwenye bima. Punguzo la miaka ya kutodai linaweza kupotea, na ada ya mwaka unaofuata ikipanda, atakayeilipa ni wewe, si rafiki aliyegonga. Kwa hiyo kabla ya kutoa ufunguo kubalianeni nani atalipa kile kiasi cha mwanzo, na uombe kuiona leseni. Wengi huona aibu kumwomba ndugu leseni, lakini baada ya ajali kampuni itaiomba bila aibu yoyote. Kama safari ni ya siku kadhaa, mpigie wakala wako: baadhi ya kampuni huongeza jina la dereva kwa muda mfupi kwa ada ndogo. Akikujibu kwamba inawezekana, mwombe akuandikie.