Faili likikatika njiani liendelee lilipoishia

Juzi mdogo wangu kakaa karibu saa nzima na simu anatuma vyeti vyake kuomba kazi, faili moja la MB 18, na mtandao wa huku kwetu mnaujua, ikafika asilimia 94 ikakata, tovuti ikamwambia aanze upya. Akaanza. Ikakata tena. Mara ya tatu bando likaisha. Nimeumia kwa kweli, maana hili jambo lilishatatuliwa mwaka 1986 na mi mwenyewe nimelitumia hilo suluhisho kwenye modemu ya 2400, kile kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, biti 2400 kwa sekunde.

Naongelea Zmodem, utaratibu wa kutuma mafaili kwa modemu alioutunga Chuck Forsberg. Laini ikikata katikati ya faili unapiga tena, kompyuta inayopokea inaangalia imeshapata kiasi gani, inamwambia mwenzake anzia hapa, mnaendelea. Modemu ile ilipitisha kama baiti 240 kwa sekunde, yaani MB moja ni saa na dakika kumi na zaidi, na simu inahesabu hela muda wote huo, sasa nani angekubali kurudia toka mwanzo?

Ila kilichonifundisha zaidi ni kuseti UUCP, programu za kompyuta za Unix kupigiana simu na kupeana barua na mafaili. Unaandika jina la mashine ya upande wa pili, saa za kupiga, namba, halafu maongezi yenyewe, subiri neno hili, ukiliona jibu hivi. Sasa pale pa kusubiri neno login watu hawakuandika login, waliandika ogin:, bila l. Sababu ni kwamba upande wa pili huenda ukaandika L kubwa, au ile herufi ya kwanza ikapotea laini inaposhika, na hata ogin: yenyewe isipotokea unaiambia igonge enta isubiri tena. Yaani mtu alikaa chini akaiwazia laini mbovu kabla ya kitu kingine chochote, akaacha herufi moja ili kazi ya mwenzake isikwame. Hiyo ndo heshima naitaka kwenye hizi tovuti za sasa, basi.

Haya, kuseti kwenyewe kulikuwa kunatesa, hilo nakubali. Huku kila herufi ni biti 8, kule biti 7 na pariti, yaani biti moja ya kukagua makosa, skrini inajaa takataka, au umesahau XON/XOFF, zile amri za endelea na simama, imewashwa na faili la programu linaganda kwa sababu ya baiti moja tu, namba 19, inayosomeka kama amri ya kusimama. Simwombei mtu arudi huko.

Na msiseme ni mambo ya Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 90 barua pepe za mashirika ya Nairobi na Kampala zilipita kwa Fido, mtandao wa kompyuta zinazopigiana simu na kupeana barua, zinakaa foleni zikisubiri simu na GreenNet ya London, iliyozipeleka mbele. Usiku huu laini ikigoma, barua ipo palepale, kesho inajaribiwa tena bila mwenyewe kusumbuliwa.

Leo naambiwa kwenye wavuti ni ngumu. Ngumu nini jamani, faili unalikata vipande, kila kilichofika kinatunzwa, kisichofika kinatumwa hicho hicho! Anayejenga hii mifumo yuko ofisini kwenye faiba, hajawahi kuijaribu akiwa kijijini na mstari mmoja wa mtandao.

Mdogo wangu mwisho kapanda daladala mpaka mjini, kwa rafiki yake mwenye waifai. Vyeti vimefika saa tano na nusu usiku, na ilikuwa siku ya mwisho.